Kadi ya Mama Mdogo

Juma lililopita tulimzika Baba Lugano kule Igowole, kwenye udongo mwekundu ulioloa, ukungu umeshuka mpaka tunaona migongo tu ya waliosimama mbele yetu. Waliozungumza pale makaburini walikuwa wengi, na wote walisema jambo moja: kwamba marehemu alikuwa mtu wa msimamo. Alifungwa kwa ajili ya imani yake, akapigwa, akanyang'anywa shamba, na hakuyumba. Vijana waliokuwa karibu nami walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilimtazama Lugano, binti yake wa pekee, mtoto wa mama yangu mdogo na rika langu. Hakuwa analia. Alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, polepole, kama mtu anayesubiri wenzake wamalize kumzungumzia mtu asiyemjua.

Hakuna aliyemtaja mama yake.

Njiani kurudi Iringa harufu ya udongo mbichi ilinifuata ndani ya gari, na hapo ndipo nilipoanza kumuwaza mama mdogo Tusekile. Ninyi mliokua nilipokua mimi, enzi za redio moja kwa mtaa mzima na foleni za sukari, mnakumbuka kwamba ng'ambo ya mto Songwe alikuwako mzee mmoja aliyetawala peke yake, na kwamba watoto hatukuambiwa mengi juu yake. Tulisikia vipande tu, wakubwa wakishusha sauti. Mimi nilisikia vipande vingi kuliko wengine, kwa kuwa vilikuja kukaa nyumbani kwetu.

Tulikaa Mwanjelwa, nyuma ya soko, na Baba alikuwa na duka la vitambaa. Babu yake alipanda kutoka pwani na biashara, akaoa huku, akabaki. Kwa hiyo Baba alizaliwa Mbeya na kukulia Mbeya, lakini Ijumaa alivaa kanzu na siku zote alisema Kiswahili ambacho majirani walikiona kirefu mno. Mama alikuwa Mnyakyusa wa Kyela, aliyesilimu alipoolewa, na alipokasirika alirudi kwenye lugha ya kwao. Mdogo wake, Tusekile, aliolewa ng'ambo, ambako watu wanasema lugha karibu ileile na wanapika ndizi vilevile. Mama alipenda kusema kwamba walipokuwa wasichana, Songwe haukuwa mpaka, ulikuwa mahali pa kufulia.

Mama mdogo alikuja msimu wa baridi, asubuhi, Mama akiwa uani anapepea jiko la mkaa na mimi nimejikunyata karibu na moto. Mwanamke alisimama mlangoni amemshika mkono mtoto wa kike wa umri wangu. Alikuwa amekonda hata Mama hakumtambua mara moja. Halafu kipepeo cha jiko kilimponyoka mkononi.

"Tusekile?"

"Ni mimi, dada."

"Na Baba Lugano?"

"Wamemchukua."

Mama alimtazama mgongoni, pale ambapo mwanamke mwenye mtoto mchanga hufunga mbeleko. Hapakuwa na mbeleko. "Na kachanga?" aliuliza. Mama mdogo alichuchumaa karibu na jiko, akanyoosha mikono kwenye moto, na Mama akachuchumaa naye akamkumbatia, na wakakaa hivyo mpaka chai ikafurika na kuzima mkaa.

Mimi nilikuwa naangalia kitenge. Mama mdogo alikuwa amejifunga kitenge chenye uso wa mwanamume, mzee mwenye suti, anatabasamu. Uso mmoja ulikaa pajani, mwingine nyuma, mwingine karibu na goti. Nilidhani ni babu yao. Niliona ni upendo wa ajabu kumvaa babu yako mwilini, nikataka na sisi tuwe na kitenge cha babu yetu, na kwa kuwa Baba aliuza vitambaa niliamini hilo linawezekana. Nilimuuliza Lugano, kwa Kinyakyusa maana Kiswahili alikuwa hajui, "Huyu ni babu yenu?" Nikamwonyesha. Lugano aligeuka kwanza kutazama mlangoni, kisha akaushika mkono wangu akaushusha.

"Usimnyooshee kidole," alisema.

Hata baada ya siku nyingi za kukaa kwetu, mama mdogo alipokikunja kile kitenge alihakikisha nyuso zinatazama juu. Mama alitaka kukigawa matambara ya kudekia. Mama mdogo alikataa, si kwa hasira, akakikunja upya. Mwishowe Mama alikitia kwenye gunia pamoja na nguo kuukuu na kulisukuma gunia chini ya kitanda.

Habari ya kachanga niliisikia Mama akimweleza Baba. Alisema, "Mtoto alifia mlangoni pa hospitali. Walitaka kadi. Baba yake alishakataa kadi tangu zamani, basi hawakuwa nayo, wakarudishwa." Baba alisema, "Inna lillahi."

Sasa, mimi nilijua kadi moja tu duniani. Ni ile ya kliniki, iliyokuwa kwenye mfuko wa plastiki, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, ambayo nesi aliichora vidoti kila nilipopimwa uzito. Kwa hiyo nilielewa kwamba huko ng'ambo kulikuwa na baba mzembe aliyekataa kadi ya kliniki ya mtoto wake, na mtoto akafa. Nilimchukia mtu huyo kabla sijamwona. Niliitoa kadi yangu msumarini nikaificha chini ya godoro, asije akatokea mtu wa kuikataa, na Mama aliitafuta nyumba nzima siku tuliyotakiwa kwenda kuchanjwa.

Lugano ndiye aliyenifungua macho, na alifanya hivyo kwa jinsi watoto wanavyoeleza mambo makubwa, huku tunachambua maharage. Kule kwao, alisema, kila mtu sharti awe na kadi ya chama cha yule mzee. Hata mama mwenye mimba anakatiwa ya mtoto aliye tumboni. Huna kadi, huingii sokoni, hupandi basi, hutibiwi, huchoti maji kisimani. Watu wa dini yao walikataa. Kwao, kujiandika kuwa mfuasi wa mtu na kumwimbia nyimbo kama anavyoimbiwa Mungu ni kumnyang'anya Mungu kilicho chake. Vijana wa chama wakaja na marungu, wakachoma nyumba, wakamfunga baba yake kamba wakaondoka naye. Kachanga kakashikwa na homa. Baada ya kukazika, mama yake alikwenda peke yake ofisi ya chama akanunua kadi, na wakampa na kitenge. Kwa vitu hivyo viwili, yeye na Lugano wakapanda basi mpaka mpakani, na hakuna aliyewagusa.

"Kwa hiyo mama ameanguka," Lugano alimalizia.

Nilimtazama mama mdogo magoti. Alikuwa bombani ananawa miguu, na niliyachunguza magoti yake yote mawili nikitafuta kidonda au kovu. Yalikuwa mazima. Nikadhani labda ameangukia mgongo.

Dini yao ilikuwa na watu wachache Mbalizi, waliokutana kwenye nyumba ya fundi seremala mmoja. Mama mdogo alitupeleka huko, mimi nikifuata kwa sababu nisingekubali Lugano aende mahali nisipokuwepo, na Baba hakuona ubaya. Watu wale walikuwa wema. Walimpa Lugano maandazi, waliniuliza habari za shule. Lakini mama mdogo alikaa karibu na mlango, juu ya tofali, na waliopita walimwitikia salamu kwa kichwa tu. Wakati wa kuimba aliimba. Alikuwa na sauti ya chini, nzito, iliyokaa chini ya sauti za wengine. Wakati wa kuomba wao walifumba macho; yeye aliyafumbua akatazama sakafu.

Kadi aliitunza kwenye kopo la majani ya chai. Mama yangu alikasirika sana alipoiona.

"Itupe motoni hiyo takataka, Tusekile. Jiko hili hapa."

"Ikiungua hapa, wao hawatajua," alijibu mama mdogo. "Jina langu litabaki limeandikwa kwao."

"Na libaki! Nani anakwenda kulisoma?"

Mama mdogo alifunika kopo akalirudisha mahali pake.

Baba Lugano alifika mvua zilipokuwa zimekwisha na mahindi yamesimama. Walikuwa kundi la wafungwa waliotoroka wakati wa kupelekwa kulima, wakapenya milimani Ileje, wakatawanyika. Mtu wa Mbalizi ndiye aliyemleta. Nilitarajia kumwona mtu mkubwa mwenye sura mbaya, yule mzembe wa kadi. Aliyeingia alikuwa mwembamba, mpole, meno ya mbele hana, na vidole vya mkono wa kulia havikunji. Lugano hakumjua. Mama mdogo alimjua kwa mbali, kabla hajafika uzioni, na alikimbia akiwa na mwiko wa ugali mkononi. Alipomfikia hakumkumbatia. Alisimama mbele yake akaanza kumpangusa vumbi mabegani, kwenye mikono, kwenye shati, kana kwamba angemaliza vumbi ndipo amsalimie.

Alikula. Alioga. Alimpakata Lugano. Wakubwa walikaa uani, na mimi nilikaa chini karibu na kinu. Ndipo akauliza, kwa upole kabisa, "Mlivukaje?"

Mama yangu alifungua mdomo aseme, lakini mama mdogo alimtangulia. "Nilichukua kadi," alisema.

"Ulipewa au ulinunua?"

"Nilinunua."

Alitikisa kichwa. Akatazama mkono wake ule, akatazama mahindi. "Basi," alisema.

Nikafurahi. Kwetu mtu akisema basi, jambo limekwisha. Mama akishanichapa husema basi, tunakula. Nilidhani na lile nalo limekwisha, wamesameheana, na kesho tutakuwa watu wengi kwenye sinia moja.

Hakumgombeza hata siku moja. Hilo ndilo lililonisumbua nilipokua na kuanza kulifikiria. Hakumpigia kelele, hakumsema kwa watu. Alipopewa chakula alisema, "Ndaga," asante, kama anavyosema mgeni kwenye nyumba ya watu. Alilala stoo, kati ya majora ya vitambaa. Jioni alimshika Lugano mkono wapige magoti waombe, na hakumwambia mke wake aondoke. Alingoja tu. Alingoja kimya, amefumba macho, mpaka mama mdogo anyanyuke mwenyewe atoke uani, ndipo akaanza.

Baba yangu alivumilia, halafu akashindwa. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, dukani, wateja hakuna. Mimi nilikuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa nikiokota vipande vya kushonea mwanasesere. Baba alimwita mwenzake mwanyumba, kwa kuwa walioa dada wawili.

"Mwanyumba, mimi si wa dini yako. Ukiniona napita mipaka, nikataze."

"Sema tu, kaka."

"Kwetu sisi, mtu akilazimishwa kutamka asichokiamini, na moyo wake umetulia kwa Mola wake, hana lawama. Mungu anaujua moyo."

"Hata kwetu Mungu anaujua moyo," alisema Baba Lugano. "Lakini watu wanauona mkono."

"Mkono wa mama aliyetoka kuzika?"

Niliona miguu ya Baba Lugano, ndani ya viatu vya Baba vilivyomzidi, ikisogea na kurudi. "Ndani tulikuwa na mzee mmoja," alisema. "Kila asubuhi walimletea kadi na wino. Atie kidole tu, aende kwake. Wajukuu wake walikuwa wanamngoja nje ya lango, anawaona. Kila asubuhi anasema hapana. Amekufa akisema hapana, nimemfumba macho mimi. Sasa nikija huku nikasema kadi ni karatasi tu, mwanyumba, yule mzee amekufa kwa ajili ya nini?"

Nilisikia mkasi ukiwekwa mezani juu ya kichwa changu.

"Sijui," alisema Baba. "Wallahi sijui. Ila yule mzee amekwenda, na shemeji yupo. Yupo pale uani anakufulia shati."

Lakini hakuwa uani. Alikuwa amesimama mlangoni mwa duka na birika la chai na vikombe kwenye sinia, na nilipochungulia kutoka chini ya meza nilijua kwa uso wake kwamba amekuwapo hapo muda. Aliingia, akawamiminia chai, akakiweka kikombe cha mume wake upande wa kushoto, upande wa mkono unaofanya kazi, akatoka.

Siku chache baadaye alitusuka nywele mimi na Lugano. Tulikaa juani, uani, Lugano kwanza kisha mimi, kichwa changu kati ya magoti yake. Alinikaza mpaka macho yakanivutika.

"Mama mdogo, unaniumiza."

"Vumilia. Nataka zikae."

Nilidhani amenikasirikia. Nikakumbuka makosa yangu yote ya juma lile na sikupata linalolingana na maumivu yale. Alipomaliza alinipaka mafuta ya nyonyo kwenye kila mstari kwa kidole kimoja, taratibu sana, mstari mpaka mstari, na hilo likanichanganya zaidi, maana mtu aliyekasirika hapaki mafuta namna ile.

Asubuhi iliyofuata alimuaga Mama kwamba anakwenda Mbalizi kwenye ibada. Lugano alikuwa na kikohozi, akaachwa, na mimi nikabaki naye. Baba Lugano alikuwa ametangulia na jirani. Mchana alirudi peke yake. Mama alimuuliza, "Tusekile umemwacha wapi?" Akasema hajamwona. Mama alisimama pale akifikiri, kisha akaingia ndani mbio, akalivuta gunia kutoka chini ya kitanda. Kitenge hakikuwamo. Kopo la majani ya chai lilikuwa na majani ya chai tu.

Baba Lugano alitoka na kandambili miguuni, bila koti, na nilimwona akikata kona ya soko anakimbia kwa namna ya mtu ambaye mwili wake umesahau kukimbia. Baba alifunga duka akamfuata. Walirudi kesho yake. Baba ndiye aliyesema, kwa maana mwenzake aliketi chini, mgongo kwenye ukuta.

"Amevuka. Watu wa mpakani wamemwona. Alipita mbele ya walinzi amejifunga kile kitenge, kadi ameishika mkononi hivi, wakampisha kwa heshima." Baba alimnyooshea mkono mwenzake. "Huyu alitaka kuingia majini amfuate. Shemeji zake wa Kyela wamemwangusha chini, wakamlalia. Wamemwambia, ukivuka watakuua, na mtoto huyu atabaki na nani?"

Lugano alikuwa anasikiliza. Alikwenda akakaa karibu na baba yake, ukutani vilevile, miguu imenyooshwa vilevile.

Tulikaa muda mrefu bila habari. Nywele zetu zilichakaa, zikafumuka zenyewe pembeni, na Lugano alikataa kabisa zifumuliwe. Mama alimwacha. Walimu walilalamika, Mama akaenda shuleni kuwaeleza.

Habari ililetwa na mwanamke aliyeuza usipa, dagaa wa ziwani, ambaye alipitapita pande zote mbili za mto. Alikaa uani kwetu, akakataa chai, akasema akiwa ametazama mikono yake.

"Nilikuwepo. Ilikuwa siku ya akina mama kucheza ngoma ya chama, tumejaa uwanja mzima. Akaja. Akapita katikati yetu mpaka mezani kwa mwenyekiti. Akafungua kitenge, chini amevaa gauni lake, akakikunja vizuri, akakiweka mezani, kadi akaiweka juu yake. Mwenyekiti akauliza, 'Nini hiki, mama?' Akasema, 'Nimerudisha vitu vyenu. Nilivichukua kwa sababu ya mtoto. Mtoto sasa yuko salama.'"

"Wakamfanya nini?" aliuliza Mama.

"Kwanza walicheka. Walidhani ana kichaa. Mwenyekiti akamwambia, 'Chukua kitenge chako uende nyumbani, mama.' Alimpa njia, jamani. Nilimwona mwenyewe anampa njia. Akabaki amesimama. Sisi tuliamriwa tuendelee kuimba, ili kelele zisisikike."

Alikufa gerezani kabla ya mavuno. Homa, walisema. Mwili hawakuutoa.

Watu wa Mbalizi walifanya ibada ya kumkumbuka. Safari hii tulikwenda wote, hata Baba, aliyesimama nje dirishani amevua kofia. Msemaji wao alizungumza kwa furaha ambayo sikuielewa. Alisema dada yetu alianguka, lakini ameinuka, amejiosha, amewashinda. Watu wakaitikia. Wanawake wengine walilia kwa namna ya kushukuru. Nilitazama mlangoni. Tofali lake lilikuwa bado lipo na hakuna aliyelikalia.

Baba Lugano alinyanyuka. Hakuwa amepangwa kusema.

"Nawaomba msimsifu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakainama kusikiliza. "Mkimsifu yeye, mnatusifu sisi. Alikaa pale mlangoni, na hapakuwa na mtu aliyemsogezea kiti. Mimi mumewe nilikula ugali wake nikasema asante kama mgeni. Alivusha mtoto. Yule mtoto pale, alimvusha yeye, siyo mimi. Mimi nilikuwa ndani nasema hapana." Alitafuta neno jingine, mkono wake mbovu ukipapasa kiti kilichokuwa mbele. "Hakuna aliyemwambia nenda. Na hakuna aliyemwambia kaa."

Akaketi. Msemaji akaanzisha wimbo.

Watu wanaweza kudhani aliiacha dini. Hakuiacha. Aliomba mpaka siku ya mwisho, na kadi ya chama chochote hakuwahi kuishika, hata huku kwetu, na hilo lilimgharimu. Hakuoa tena. Alihamia Igowole, akafanya useremala kwa mkono wa kushoto, akamsomesha Lugano. Yule mzee wa ng'ambo alipokuja kuondoka madarakani, Baba Lugano alivuka kwenda kutafuta kaburi. Askari mmoja mstaafu alimpeleka nyuma ya gereza akamwonyesha shamba la mihogo. "Ni humohumo," alimwambia. Alitembea kwenye matuta yale mpaka jua likawa kali, kisha akarudi. Alinieleza hayo mwenyewe, nilipokwenda kumtembelea na watoto wangu.

Lakini nataka kueleza jambo moja la kabla hawajahama Mwanjelwa, kwa sababu nililiona kwa macho yangu na halikusemwa makaburini.

Shuleni kwetu tuliimba mstarini kila asubuhi, wimbo wa taifa na nyimbo za kumsifu kiongozi na chama, mikono imenyooka. Lugano hakuimba. Alisimama wima, kwa adabu, mdomo umefungwa, jinsi alivyofundishwa tangu ng'ambo. Mwanzoni walimu walidhani hajui Kiswahili. Alipokijua, akachapwa, akachapwa tena, na mwishowe mwalimu wa zamu akasema mzazi aitwe.

Baba Lugano alikuja asubuhi, tukiwa bado kwenye mistari. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama wa makamo, amechoka, na nadhani alikuwa anaogopa mtu fulani aliye juu yake.

"Baba, sisi hatutaki kumtesa mtoto," alisema. "Mwambie aimbe, yaishe. Anakutazama wewe."

Kweli, Lugano alikuwa anamtazama. Shule nzima ilikuwa inamtazama. Baba Lugano alimsogelea mwanawe, akachuchumaa mbele yake mpaka nyuso zao zikalingana.

"Mwanangu," alisema, "ukitaka kuimba, imba. Sitakasirika. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Utakalofanya lolote, jioni utakuja nyumbani, utakula na mimi, na tutaomba pamoja."

Mwalimu alisema, "Baba, sivyo nilivyokuomba."

Wimbo ulianzishwa upya. Lugano alikuwa mstari wa mbele yangu, naiona shingo yake. Tuliimba mpaka mwisho, mimi nikiimba na kumtazama, na shingo ile haikusogea. Alifukuzwa kwa muda, na mimi nikaruhusiwa kumsindikiza kwa kuwa tuliishi nyumba moja.

Tulikwenda watatu kupitia barabara ya sokoni. Baba yake alimbebea mfuko wa madaftari. Wanawake walikuwa wanapanga viazi kwenye mafungu, mtu anatangaza mitumba kwa sauti, na katikati ya makelele hayo nikaona kwamba Baba Lugano analia, anatembea na kulia bila kujifuta.

"Yale maneno," alisema, hakumtazama yeyote kati yetu, "nilikuwa nayo siku zote. Yalikuwepo. Sikumwambia mama yako."

Lugano alitembea kidogo kabla ya kuuliza.

"Ungemwambia, angebaki?"

Tulipita mafungu ya viazi, tukapita wauza ndizi, tukapita duka la Baba, naye Baba akatuinulia mkono kutoka ndani. Tukafika mlangoni, Mama akatupokea mfuko, akauliza imekuwaje. Baba Lugano alikuwa bado hajamjibu mwanawe.